Hesabu inayorudi sifuri: kisa cha ganda, bomba na kitanzi

Haya, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee mistari minne ya maandishi ambayo imewazeesha mapema wasimamizi wa mitambo ya kompyuta kwa zaidi ya miaka arobaini. Mistari yenyewe hii hapa:

n=0
cat majina.txt | while read jina
do n=$((n+1)); done
echo $n

Usikimbie kama wewe si mtu wa kompyuta. Tafsiri yake ni rahisi. Chukua kisanduku, kipe jina la n, weka sifuri ndani. Fungua faili la majina, lisome mstari mmoja mmoja, na kila ukisoma jina ongeza moja kwenye n. Ukimaliza niambie n imefika ngapi. Basi. Faili likiwa na majina 500, jibu litakuwa 500, au siyo?

Inategemea umemuuliza nani. Ukiandika mistari hiyo kwenye ganda linaloitwa ksh, au zsh, utapata 500. Ukiiandika kwenye bash au dash utapata 0. Hakuna onyo, hakuna ujumbe wa kosa, hakuna taa nyekundu. Faili limesomwa lote kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, kazi imefanyika, halafu unakabidhiwa sifuri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na katika kazi za namna hii sifuri ni namba ya hatari kuliko zote. Fikiria programu ndogo inayoamka saa nane usiku kukagua nakala za akiba za hospitali au benki. Inahesabu mafaili yaliyoshindwa kunakiliwa, na hesabu ikizidi sifuri inamtumia fundi ujumbe. Sasa hesabu hiyo haizidi sifuri hata siku moja, maana inafutika kabla haijasomwa. Kila asubuhi fundi anakuta ripoti: yaliyoshindwa, 0. Anakunywa chai yake kwa amani. Siku diski itakapokufa ndipo atajua kwamba kwa miezi minane alikuwa akisomewa uongo, tena uongo uliosemwa na chombo kisichojua kudanganya.

Kwa nini mistari ile ile itoe majibu mawili? Hapo ndipo historia inapoanza, na mimi historia ndiyo ugonjwa wangu.

Tuanze na majina. Ndani kabisa ya mfumo endeshi kuna kiini, ile sehemu inayoshughulika na kumbukumbu, diski na vifaa. Binadamu hazungumzi na kiini moja kwa moja. Anazungumza na programu iliyokizunguka kwa nje, inayosoma amri zake na kuzipeleka ndani. Hiyo ndiyo ganda. Fikiria yai, utaelewa. Jina hilo kwa Kiingereza alilitoa Mfaransa Louis Pouzin katikati ya miaka ya 1960, alipokuwa MIT kwenye mradi wa Multics. (Wapo wanaoliita sheli, lakini hapa kwetu ukimwambia mtu uko sheli atakuuliza petroli ni bei gani. Nitabaki na ganda.)

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, New Jersey, walianza kutengeneza Unix kwenye kompyuta ndogo ya PDP-7 iliyokuwa imeshapitwa na wakati. Mwanzoni mfumo wao haukujua kuzaa michakato. Kila kituo cha mtumiaji kilikuwa na mchakato wake mmoja, na ganda likitaka kuendesha programu fulani, programu hiyo iliingia mahali pa ganda, ikafanya kazi, kisha ganda likarudishwa. Halafu wakaongeza amri iitwayo fork, wazo walilolitoa kwenye mfumo wa Genie wa Berkeley. Fork inauchukua mchakato na kuugawa kuwa wawili wanaofanana kabisa, mzazi na mtoto. Ritchie aliandika baadaye kwamba kwenye PDP-7 kazi hiyo ilihitaji mistari 27 tu ya lugha ya mashine. Ganda linamzaa mtoto, mtoto anakwenda kuendesha programu, mzazi anasubiri. Mpaka leo ndivyo inavyofanyika.

Wakiwa bado wanashangilia, wakagundua kitu cha ajabu: amri ya kuhama saraka, iliyoitwa chdir, imeacha kufanya kazi. Unaiambia kompyuta ihamie chumba kingine, inakubali, ukitazama bado uko pale pale. Wakatafuta kosa, hawakuona. Mwishowe wakaelewa. Chdir ilikuwa programu ya kawaida, kwa hiyo sasa iliendeshwa na mtoto. Mtoto alihama kweli, akafika, kazi yake ikaisha, akafa. Mzazi hakusogea hata hatua moja. Dawa ikawa kuitoa chdir kwenye programu za nje na kuiingiza ndani ya ganda lenyewe.

Naomba ushike kisa hicho vizuri, kwa sababu mistari yetu minne ina ugonjwa ule ule. Mtoto anapozaliwa anapewa nakala ya kila alichonacho mzazi. Anachokifanya na nakala yake ni shauri lake, na akifa anakwenda nayo. Kwenye Unix mzazi hamrithi mtoto.

Kuna kisa kingine cha siku hizo, nacho kinakwenda upande wa pili kabisa. Mwanzoni alama inayoonyesha umefika wapi katika kusoma au kuandika faili iliwekwa ndani ya kila mchakato. Ukiwa na faili la amri lenye amri mbili, moja ikiandika orodha ya mafaili na nyingine orodha ya watumiaji, ya pili iliandika juu ya ya kwanza, kwa kuwa kila moja ilianza kuhesabu kutoka mwanzo. Wakaihamishia alama hiyo kwenye jedwali la mfumo mzima ili mzazi na watoto waitumie kwa pamoja. Kwa hiyo visanduku vyako hunakiliwa, lakini mahali ulipofika kwenye faili ni pa wote. Mtoto akisoma kurasa tatu, mzazi naye amesogea kurasa tatu.

Ganda la kwanza la Thompson, lile la mwaka 1971, lilitumia sifa hiyo kwa ujanja ambao mimi unanichekesha kila nikiufikiria. Ganda lile halikuwa na vitanzi ndani yake. (Kitanzi, katika lugha ya programu, ni kazi inayorudiwa tena na tena. Ndiyo, neno lile lile la kunyongea, na baada ya kusoma habari hii hutaliona geni.) Ukitaka kurudia kitu uliita programu ya nje iliyoitwa goto. Hiyo goto, akiwa mtoto, ililirithi faili la amri ambalo ganda lilikuwa linalisoma, ikatafuta alama uliyoitaja, ikasogeza mahali pa kusomea mpaka hapo, ikafa. Ganda lilipoamka na kuomba mstari unaofuata, likajikuta limerudi juu bila kujua nani amelirudisha. Ni sawa na mtu kukugeuzia kurasa za kitabu ukiwa umesinzia.

Sasa mabomba. Doug McIlroy, mkuu wa idara ya akina Thompson, alikuwa ameandika tangu Oktoba 1964 kwamba programu zingepaswa kuunganishwa kama mipira ya kumwagilia bustani: ukihitaji kuyachakata maji kwa namna nyingine, unaongeza kipande kingine cha mpira. Miaka ikapita. Thompson alipoyaingiza mabomba kwenye Unix, watu pale walianza mara moja kuandika upya programu zao ili ziweze kuungwa, na mwongozo wa Toleo la 3, wa Februari 1973, tayari ulikuwa nayo. Kila upande wa bomba ni mchakato wake, na mkondo wa data unapita katikati. Kwa ganda la Thompson hilo halikuwa na tatizo lolote, maana ganda lenyewe halikuwa na visanduku vya kupoteza.

Visanduku vilikuja baadaye. John Mashey na wenzake wa kundi la Programmer's Workbench, hapo hapo Bell, walilitengeneza upya ganda la Thompson katikati ya miaka ya 1970 na kulipa vigeu (ndilo jina nitakalotumia kwa visanduku hivyo) pamoja na vitanzi vya ndani. Lakini aliyebadilisha mchezo ni Steve Bourne, Mwingereza aliyetoka Cambridge akiwa na mapenzi makubwa na lugha ya Algol 68. Ganda lake lilitoka na Toleo la 7 la Unix, Januari 1979. Mapenzi yenyewe yanaonekana hadi leo: sharti linaloanza na if linafungwa kwa fi, na case kwa esac, yaani neno lile lile limegeuzwa nyuma mbele. Kitanzi kinachofunguliwa na do kingepaswa kufungwa na od, ila tayari kulikuwa na programu yenye jina hilo, ndiyo maana tukapewa done. Hata msimbo wa ganda lenyewe, ulioandikwa kwa lugha ya C, Bourne aliuvalisha nguo za Algol. Waliousoma walistaajabu kiasi kwamba ulichangia kuanzishwa kwa mashindano ya kimataifa ya kuandika C isiyosomeka, mwaka 1984.

Bourne alifanya jambo kubwa ambalo halipigiwi makofi ya kutosha: kitanzi chake kilikuwa amri kama amri nyingine. Unaweza kukiunganishia bomba, au kukielekezea faili, kama unavyofanya kwa programu yoyote. Kwa mtu wa kawaida hilo lilikuwa ukombozi. Lakini bomba linahitaji michakato miwili, na njia rahisi ya kuupata wa pili ni kuzaa. Kwa hiyo kitanzi kilichokaa mwisho wa bomba kilikabidhiwa mtoto. Mtoto akahesabu hadi 500 kwenye nakala yake ya n, akafa. Mzazi akatazama n yake: sifuri. Chdir ile ile, miaka kumi baadaye.

Ganda la Bourne lilikwenda mbele zaidi. Hata ukiacha bomba na kukielekezea kitanzi faili moja kwa moja, hivi:

while read jina
do n=`expr $n + 1`; done < majina.txt

lilizaa mtoto vile vile, ingawa hapo hakuna lazima yoyote ya kuwa na michakato miwili. Lilizaa kwa sababu kugeuza mlango wa kuingizia data kwa muda halafu kuurudisha ni kazi yenye usumbufu. Ukimwachia mtoto, akifa mlango wake unafungwa naye na wewe huna cha kurudisha. Naielewa hoja hiyo. Waliokuja kuilipia ni wengine. Mafundi wa miaka ya 1980 walijifunza mzunguko huu kwa moyo:

exec 3<&0 < majina.txt
while read jina
do n=`expr $n + 1`; done
exec 0<&3 3<&-

Maana yake: uhifadhi mlango wako wa kawaida kwenye namba 3, ufungue faili mahali pake, sasa kitanzi kifanye kazi bila kuelekezwa popote, ukimaliza rudisha mlango. Mistari miwili ya sala, mmoja kabla na mmoja baada. Kwenye mitambo ya Sun sala hiyo iliendelea kuhitajika muda mrefu, kwani Solaris 10 bado ilitumia ganda la ukoo wa Bourne kama sh yake, na ni Solaris 11 ya Novemba 2011 iliyoliondoa hapo na kuliweka ksh93.

Pale Berkeley, Bill Joy alikuwa amekwenda njia yake na csh, mwishoni mwa miaka ya 1970. Lilikuwa zuri kwa kuchapa amri kwa mkono, lilikumbuka amri ulizotoa, likapendwa. Kwenye vitanzi lilishindwa mtihani kabla ya kuingia chumbani: vitanzi vyake havipokei bomba wala faili. Kwa hiyo halikukosea hesabu; lilikataa tu kuhesabu. Tuliache hapo.

Anayenivutia mimi ni David Korn. Naye alikuwa Bell Labs, na tarehe 14 Julai 1983 alilitangaza ganda lake, ksh, kwenye mkutano wa USENIX. Korn alichukua lugha ya Bourne akauliza swali ambalo ukilisikia unaona lilikuwa wazi muda wote: bomba lina ncha mbili, na mzazi yupo tu anasubiri. Kwa nini tuzae watoto wawili? Zaa mmoja kwa ncha ya kwanza, ncha ya mwisho aishike mzazi mwenyewe. Hapo kitanzi kinaendeshwa na ganda lako halisi, n ni n yako, na 500 inabaki 500. Faida nyingine ni kwamba unaweza kuandika echo habari | read x na x ikapata thamani kweli. Vile vile ksh halikuzaa mtoto kwa sababu tu umeelekeza faili kwenye kitanzi. Kwa mtu asiyejua lolote kuhusu fork, ksh lilifanya kile alichotarajia, na huo ndio uungwana wa chombo.

Ila ksh lilikuwa mali ya AT&T, na halikufunguliwa kwa wote hadi mwaka 2000. Kwa miaka kumi na saba ambaye hakuwa na leseni alitafuta mfano wake: pdksh iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, au ile ya kampuni ya MKS kwa watumiaji wa Windows. Kufanana kwao na ksh halisi kulikuwa kama kufanana kwa mapacha wasio wa yai moja. Hiyo pdksh, kwa mfano, iliiga mengi ya Korn lakini ncha ya mwisho ya bomba iliendelea kumpa mtoto. Jina ksh, tabia ya Bourne.

Kuna kisa maarufu hapa, na Korn mwenyewe alikithibitisha alipoulizwa mwaka 2001. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye mkutano mmoja wa USENIX kuhusu Windows NT, mtu wa Microsoft alikuwa akieleza mipango yao ya kuleta zana za Unix, na ganda walilochagua ni lile la MKS. Mtu mmoja ukumbini akasema toleo hilo halilingani na ksh halisi. Msemaji akabisha. Yule akarudia, msemaji akabisha tena, hadi mwingine akasimama na kumjulisha msemaji kwamba anayebishana naye ndiye Korn. Kisa hiki huongezewa chumvi kila kinaposimuliwa. Mimi nimekupa kilicho na mwenyewe.

Ilipofika wakati wa kuandika sheria, yaani kiwango cha POSIX cha maganda kilichotoka mwaka 1992, wajumbe walikuta dunia imeshagawanyika. Upande mmoja maganda ya Bourne na mamilioni ya mistari iliyoandikwa kwa kuyategemea, upande wa pili ksh. Kwenye suala la kuelekeza faili walisimama na Korn: kitanzi kinabaki ndani ya ganda lako. Kwenye bomba wakasema kila amri iko kwenye mazingira ya ganda-mtoto, kisha wakaongeza kwamba ganda linaruhusiwa kuziendesha baadhi, au zote, kwenye mazingira ya mzazi. Soma tena sentensi hiyo. Ni sheria inayosema geti lifungwe, isipokuwa kwa anayetaka liwe wazi.

Nimewahi kuwasikia watu wakiwacheka wajumbe wale. Mimi siwacheki sana. Kazi yao ilikuwa kuandika kile kilichopo ili mitambo ya makampuni yanayoshindana iweze kuelewana, na hakuna kampuni ambayo ingekubali programu za wateja wake zianze kutoa majibu mapya kwa sababu ya kura iliyopigwa kwenye chumba cha mkutano. Ila matokeo yake ni kwamba mistari ile minne ikawa halali kila mahali na maana yake haijulikani popote. Hiyo ni hali mbaya kuliko kukatazwa. Kitu kilichokatazwa angalau kinakupigia kelele.

Wakati huo huo kizazi kipya kilishazaliwa. Brian Fox alitoa bash mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, na Chet Ramey akaja kuwa mlezi wake mkuu mpaka leo. Mwaka huo huo Kenneth Almquist alitoa ash, ganda dogo jepesi. Mwaka 1990 Paul Falstad, akiwa mwanafunzi Princeton, akatoa zsh. Zsh lilimfuata Korn. Bash na ash wakamfuata Bourne. Na kwa vile Linux ilikua ikiwa na bash mgongoni, wengi wa kizazi changu tulikutana na sifuri kabla ya kukutana na 500.

Ramey hatimaye aliongeza chaguo liitwalo lastpipe katika bash 4.2, Februari 2011. Ukiliwasha, ncha ya mwisho ya bomba inashikwa na mzazi kama kwa Korn. Limezimwa mpaka uliwashe mwenyewe, na linafanya kazi tu pale ambapo udhibiti wa kazi haupo, yaani ndani ya skripti, siyo unapochapa amri kwa mkono. Sababu inaeleweka: ukibonyeza vitufe vya kusimamisha kazi wakati mzazi mwenyewe ndiye yuko ndani ya bomba, nani asimame na nani abaki akupokee? Lakini matokeo yake ni kichekesho. Ukijaribu amri yako kwa mkono unaona sifuri, ukiiweka kwenye skripti yenye lastpipe unaona 500.

Kinyume chake kipo pia, nacho ndicho kinachowakamata watu wa Mac. Apple ilitumia bash kama ganda la kawaida tangu Mac OS X 10.3 ya mwaka 2003, ikabaki na toleo la 3.2 kwa miaka mingi kwa sababu matoleo mapya yana leseni ambayo kampuni haikuitaka, na mwaka 2019, kwenye Catalina, ikahamia zsh. Kwa hiyo leo mtu anajaribu mistari yake kwenye dirisha la Mac, anaona 500, anafurahi. Anainakili kwenye skripti inayoanza na #!/bin/bash, anaipeleka kwenye seva ya Linux. Sifuri.

Ubuntu nao (jina lenyewe, ukilitamka polepole, utalisikia utu wetu ndani yake) ulichangia vurugu zake. Oktoba 2006, toleo la 6.10, uliondoa bash kwenye kiti cha /bin/sh na kuweka dash, mjukuu wa ash, kwa sababu ni jepesi na mashine inawaka haraka. Debian ikafuata Februari 2011. Wengi walikuwa wameandika #!/bin/sh juu ya skripti zao huku ndani wakitumia mambo ya bash tu. Mojawapo lilikuwa ndiyo dawa kuu ya ugonjwa wetu:

while read jina
do n=$((n+1)); done < <(sort majina.txt)

Hapo bomba limegeuzwa: amri ya kupanga majina ndiyo iliyopelekwa kwa mtoto, na kitanzi kimebaki kwa mzazi. Hesabu inatoka sawa kwenye bash, zsh na ksh93. Dash halijui maandishi hayo na linakukatalia pale pale. Kusema kweli afadhali. Kukataliwa na dash ni heshima kubwa kuliko kudanganywa na bash.

Simu za Android nazo hazikuachwa. Tangu toleo la 4.0, la mwaka 2011, ganda lake ni mksh, ambalo ni uzao wa ile pdksh ya zamani. Kwa hiyo simu iliyoko mfukoni mwako, kama ni Android, ina ganda linalobeba jina la Korn, na ukiliuliza swali letu litakujibu sifuri.

Je, kuna njia inayofanya kazi kila mahali? Ipo, na ni ya kizamani. Usikitoe kisanduku nje ya bomba. Weka kitanzi na matumizi ya hesabu ndani ya mabano yale yale:

cat majina.txt | {
n=0
while read jina
do n=$((n+1)); done
echo $n
}

Mtoto anahesabu na mtoto huyo huyo anatangaza matokeo kabla hajafa. Kwenye maganda yote niliyoyataja ya ukoo wa Bourne (kwa yale ya kale rudisha expr badala ya mabano mawili) jibu ni moja. Au, kama data iko kwenye faili tayari, achana na cat na bomba lake, elekeza faili kwenye done.

Kabla sijaondoka, kumbuka ile alama ya kusomea ambayo mzazi na mtoto wanaitumia pamoja. Nayo bado inauma. Chukua orodha ya seva hamsini, isome kwa kitanzi, na kwa kila seva ingia kwa ssh utekeleze amri moja. Kitanzi kinakwenda seva ya kwanza, kinarudi, kinasema kimemaliza. Seva arobaini na tisa hazijaguswa. Kosa ni kwamba ssh, akiwa mtoto, amerithi mlango ule ule wa kuingizia data, na yeye akiona data mlangoni anaisoma. Ameyanywa majina yote yaliyobaki na kuyapeleka seva ya kwanza, ambako hakuna aliyeyahitaji. Dawa ni ssh -n, au umpe mlango mtupu kwa kuandika < /dev/null mwisho wa amri yake. Goto ya Thompson ilifanya jambo hilo hilo kwa makusudi, na wakati huo iliitwa kitanzi.